Katiba ni yetu, hela ni yetu, neno la siri la kijana wa steshenari

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile za kuomba msaada wa kompyuta. Msaada nimeshaupata. Hapa nimekuja na hasira zangu tu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 15. Tunanunua hisa kila Jumamosi nyumbani kwa mwenyekiti, tunakopeshana, tunazikana. Mwaka huu tukasema nasi tuombe ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huwezi kuomba bila kikundi kusajiliwa, na husajiliwi bila katiba. Katiba tulikuwa nayo kwenye daftari, mwandiko wangu mwenyewe, tukaipeleka steshenari ikachapwe.

Kurasa 14, kila ukurasa shilingi 1,000. Tukalipa 14,000 taslimu, hatukuomba hata kupunguziwa. Kijana akatuprintia nakala tatu, na faili akaniwekea kwenye flashi yangu. Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu. Jamani, baraka zangu nazitaka.

Jumatatu afisa maendeleo ya jamii katurudishia. Makosa mawili. La kwanza letu: ibara ya 9 inasema akidi ya mkutano mkuu ni nusu ya wanachama, ibara ya 17 inasema theluthi mbili. Sawa, tulipitiwa. La pili, ibara ya 12. Kwenye daftari nimeandika kikundi kitakuwa na mfuko wa kusaidia wajane. Kijana kachapa "mfuko wa kusaidia wajanja". Afisa aliisoma kwa sauti, na foleni nyuma yetu imejaa watu. Mwenyekiti wetu ni mjane. Aliangalia chini mpaka tukatoka. Tukapewa hadi Ijumaa.

Mimi nikasema hili dogo. Sina kompyuta lakini kuandika najua, nilifanya ukarani kabla sijaolewa. Nikaazima laptop ya mpwa wangu, nikachomeka flashi, faili likafunguka. Nasoma kila kitu. Nikafika ibara ya 12, nikabonyeza ili nifute. Kimya. Kale kamstari kanapepesa tu. Naandika, hakuna kinachoingia. Chini kabisa kunatokea maneno kwamba sehemu hii imefungwa, siruhusiwi kubadili. Nikadhani kibodi imekufa, nikafungua ukurasa mtupu: naandika bila shida yoyote.

Nikampigia kijana.

"Aa mama, hiyo nimeiwekea ulinzi. Njoo nayo, kufungua ni 5,000, halafu marekebisho ni 1,000 kwa ukurasa."

Ulinzi wa nini, mwanangu?

"Watu wasije wakachezea katiba yenu mama."

Nikamuuliza, aliyeichezea mpaka sasa ni nani kama si wewe uliyetuingizia wajanja? Akacheka. Hata pole hakusema. Nikamwomba basi anitajie hilo neno la siri, faili ni letu na tumelipa. Akasema hawezi, kwa sababu neno hilohilo ndilo analotumia kwa wateja wote, akinipa mimi amewapa mtaa mzima.

Someni tena hapo. Neno moja la siri kwa hati za mtaa mzima. Nimeuliza jirani yangu fundi cherehani: mkataba wake wa pango, hivyohivyo, kila mwaka anarudi na 5,000 ili ibadilishwe tarehe tu. Mwalimu mmoja mstaafu alichapiwa risala ya harusi ya bintiye, ikafungwa. Risala ya harusi! Nani atakuja usiku kuchezea risala ya harusi?

Nawajua mtakaokuja kusema biashara ngumu, muacheni kijana ale. Ale, simkatazi. Nikipeleka mahindi mashineni nalipa ya kusaga na naondoka na unga wangu. Sijaona mwenye mashine anayekifunga kiroba kwa kufuli halafu akaniambia nikitaka kupika ugali nirudi kwake. Kama kazi yake nzuri nitarudi mwenyewe. Sasa kazi yenyewe inageuza wajane kuwa wajanja, halafu bado ananifunga kamba.

Mpwa wangu aliporudi jioni nilimsimulia huku natetemeka. Yeye akacheka kuliko yule kijana, ila kwa sababu nyingine. Alisema shangazi, hili si kufuli, ni picha ya kufuli.

Nilichoelewa ni hiki, na wanaojua zaidi wanisahihishe. Faili la Word linaweza kukugomea kwa sababu nyingi tofauti, na watu tunazichanganya. Ukilipokea kwa barua pepe au ukalipakua mtandaoni, juu kunatokea utepe wa njano wenye kitufe cha "Enable Editing". Hilo halijafungwa na mtu, kompyuta yenyewe inajihadhari na virusi, bonyeza uendelee. Utepe ukiwa na "Edit Anyway", mwandishi kaliwekea alama kwamba limekamilika, nalo ni kubonyeza tu. Likigoma kabisa kufunguka na kudai neno la siri mlangoni, hilo limesimbwa kweli, maandishi yenyewe yamevurugwa, na bila neno lake huna ujanja. Letu lilikuwa aina nyingine: linafunguka, linasomeka, linaprintika, ila haligusiki. Ukienda "Review" halafu "Restrict Editing", pembeni kulia linatokea dirisha, na chini yake kuna "Stop Protection". Ukibonyeza, linadai neno la siri. Wengine hufunga bila kuweka neno lolote, likafunguka hapohapo, kwa hiyo jaribu kwanza. La kijana wetu lilidai.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipopanda mara ya pili. Mpwa alinakili faili, ile nakala akaibadilisha mkia wa jina kutoka docx kuwa zip. Ikawa mkoba! Mimi miaka yote nadhani faili ni kitu kimoja, kumbe tangu Word ya 2007 ni kifurushi chenye vijifaili ndani yake. Akafungua folda iitwayo word, humo kuna kimoja kinaitwa settings.xml. Akakitoa nje, akakifungua kwa Notepad, akatafuta neno documentProtection. Mstari mmoja tu. Ndani ya mstari huo nikaona namba 100000, nikauliza ni nini. Akasema neno la siri la yule kijana limesagwa mara 100,000 ili mtu asiweze kulikisia.

Limesagwa mara laki moja! Nikasema basi tumekwama. Akasema hatuna haja ya kulikisia, shangazi, tunaufuta mstari wenyewe. Akaufuta kuanzia alama yake ya kufungulia mpaka ya kufungia, akahifadhi, akakirudisha kijifaili mahali pake juu ya kile cha zamani, mkia wa jina akaurudisha docx. Tukafungua. Nikaweka kidole kwenye "wajanja", nikafuta. Kazi yote haikufika dakika tano, na nusu ya muda huo alikuwa ananionyesha mimi. Yaani 5,000 zote zile za mtaa mzima ni za mstari mmoja.

Na si siri ya wadukuzi. Mwongozo rasmi wa aina hii ya mafaili, unaitwa ECMA-376, ulitoka mwaka 2006, na umeandika wazi kwamba ulinzi huu ni wa kuzuia mabadiliko ya bahati mbaya, haukukusudiwa kuwa usalama, na programu inaweza kuupuuza. Ni kama kamba ya kuzuia kuku wasiingie sebuleni. Kuku anarudi, mwizi anairuka, na mwenye nyumba ndiye anayejikwaa. Ukitaka kumdhibiti mwizi, lisimbe faili zima au toa nakala iliyosainiwa na kugongwa muhuri, basi.

Sikatai, kuna mahali linafaa. Ofisi ikitoa fomu ikaacha nafasi za kujaza tu, sawa, watu wasifute maswali. Ila afunge mwenye hati, na ufunguo abaki nao mwenye hati. Na nyie wa maofisini mnaofunga halafu aliyefunga anahamishwa kituo na neno lake kichwani, nanyi nawaangalia.

Kwa asiyetaka kufungua mikoba, mpwa alinionyesha njia ya akina mama kama mimi. Fungua hati mpya tupu. Nenda "Insert", pale kwenye "Object" bonyeza kishale kidogo, chagua "Text from File", lichague lile faili lililofungwa. Maandishi yote yanamwagika kwenye hati yako mpya, wala haliulizwi neno la siri. Nilijaribu mwenyewe peke yangu, likakubali. Namba za kurasa na maandishi ya juu ya ukurasa yalipotea, nikayaweka upya. Njia ya mkoba haipotezi kitu, lakini ukikirudisha kijifaili mahali pasipo pake Word itakuambia faili limeharibika, ndiyo maana fanya kwa nakala. Na kama faili ni la zamani, lenye mkia wa doc peke yake, kwanza lihifadhi upya kama docx.

Kitu msifanye: zile tovuti za "pakia faili lako tukufungulie bure". Niliikuta mojawapo Jumatatu ileile, nikawa nimebakiza kubonyeza tu. Nyuma ya katiba yetu kuna orodha ya wanachama 15, majina kamili, simu, na namba za NIDA tarakimu 20 kila mmoja. Ningewapelekea watu nisiowajua akina mama 15 kwenye sahani.

Nyongeza, Jumatano usiku: Kuna mkuu hapo chini kaniambia nafundisha udukuzi. Mkuu, katiba ni ya kikundi, mimi ni katibu, na muhtasari wa kikao kilichoniagiza kurekebisha ibara hizo una saini 13. Mbili walikuwa msibani. Ila upande mmoja nakuunga mkono: ukiletewa mkataba na mtu mwingine, ukaufungua, ukabadili kifungu kimyakimya na kumrudishia asaini, huo ni ughushi, wala usiseme umejifunza kwangu.

Aliyeuliza kwa nini sikudai faili lisilofungwa tangu mwanzo: kwa sababu sikujua kuna kufungwa. Sasa najua. Nikienda steshenari yoyote, kabla ya kutoa hata mia, nalifungua palepale mbele yake na kuandika herufi moja. Ikiingia, nalipa.

Aliyeomba nitaje steshenari: sitaji. Ana mke na mtoto mchanga, na nimesikia steshenari nyingine mbili za hapa zinafanya hivyohivyo.

Nyongeza ya pili, Ijumaa: Katiba imepokelewa leo saa 4 asubuhi. Akidi ni nusu, ibara zote mbili. Afisa aliruka moja kwa moja hadi ibara ya 12, akasoma, safari hii kimoyomoyo, akagonga muhuri. Mwenyekiti akamwambia asante.

Tukiwa kwenye bodaboda kurudi, simu ikaita. Ni kijana. "Mama, mbona hujaleta flashi? Nimekusubiri wiki nzima." Nikamwambia asisubiri tena, ule mfuko wa wajanja tumeufuta.