Volkswagen ya Safari 1957 yenye namba za 1989: tumechoka kudharauliwa

Waungwana, salamu. Naandika nikiwa na hasira, na sioni haja ya kuificha.

Jumamosi nimelipa shilingi 14,500 kwa kigari cha mfano katika duka moja hapa mjini, Mombasa. Duka silitaji, kampuni siitaji. Skeli ni 1:18, yaani kigari ni sehemu moja ya kumi na nane ya urefu wa gari lenyewe, sanduku la kung'aa, na juu yake imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba hii ndiyo Volkswagen iliyoshinda Coronation Safari ya 1957, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, "kila kitu kama kilivyokuwa". Toleo maalum, namba 212 kati ya 500. Nimedunduliza miezi mitatu. Gari hili nilikuwa nalitafuta tangu zamani, kwa sababu ushindi wa Gus Hofmann na Arthur Burton, waliokuwa ndani ya gari hilo, marehemu baba alikuwa akiusimulia kama mtu anayesimulia harusi yake.

Nimefika nyumbani Majengo, nimefungua, nimegeuza gari nitazame nyuma. Moyo ukavunjika hapo hapo.

Kioo cha nyuma ni kile kikubwa cha pembe nne! Jamani. Mtu yeyote aliyewahi kuishika Volkswagen anajua kwamba umri wake unausoma mgongoni. Hadi mapema 1953 kilikuwa vioo viwili vidogo vyenye nguzo katikati. Kuanzia Machi 1953 nguzo ikaondolewa, kikawa kimoja, cha duara refu kama yai. Hiki kikubwa kimekuja Agosti 1957, kwa magari yaliyohesabiwa kuwa ya 1958. Safari ya mwaka ule ilikuwa imeshakwisha, washindi wameshaoga vumbi. Kwa hiyo gari lililoshinda limewekewa kioo ambacho kiwandani Ujerumani kilikuwa bado hakijaanza kufungwa.

Nikaendelea kukagua, na kila nilipogusa pakaoza. Taa za mbele zimesimama wima, mtindo wa kuanzia 1967. Za wakati ule zililala na umbo la madigadi, zikafunikwa na kioo. Juu ya madigadi wamebandika indiketa. Volkswagen ya baba yangu, ya miaka hiyo hiyo, badala ya indiketa za taa ilikuwa na vile vijikono vya kuonyesha upande wa kugeukia, vinavyochomoza kwenye nguzo nyuma ya mlango, na utotoni tulikuwa tukigombania kuvitazama vikiinuka. Usukani uko kushoto. Kushoto! Gari la Kenya, barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, kote huko watu wakiendesha upande wa kushoto wa njia, usukani ukiwa kulia.

Ni wazi walichofanya. Wamechukua kalibu ya gari la Ulaya la mwishoni mwa miaka ya 60, wakapaka rangi, wakabandika stika za mashindano, wakapandisha bei.

Lakini kilichonichoma zaidi ni kibao cha namba. Herufi tatu, tarakimu tatu, halafu herufi moja mwishoni. Wanaokaa Kenya hawahitaji kuelezwa. Hiyo herufi ya mwisho imeanza 1989, tulipoingia KAA yenye A mkiani. Kabla ya hapo ilikuwa herufi tatu na tarakimu, basi. Tena wamekifanya cheupe mbele na cha njano nyuma, ilhali vibao vya zamani vilikuwa vyeusi vyenye maandishi meupe. Ninayo picha ya baba ameegemea gari lake mwaka 1961, kibao cheusi kinaonekana bila miwani. Kosa la miaka 32, kwenye kitu kinachouzwa kwa jina la usahihi!

Urefu wamepatia, nakiri. Nimepima kwa rula, sentimita 22 na nusu na kidogo, na gari lenyewe lilikuwa mita 4.07. Kwa hiyo kupima wanajua. Wakitaka kujua, wanajua.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akanisikiliza nusu, akasema, "Ami, hiki ni cha kuweka kwenye shelfu tu. Nani atajua?"

Nani atajua? Mimi najua. Wanajua mafundi wa Shimanzi waliofungua injini hizi za cc 1192 kwa mikono yao. Wanajua wazee waliosimama kando ya njia wakiwa watoto, wamefunikwa na vumbi, wakipiga kelele gari likipita. Hebu kampuni hiyo hiyo itengeneze kigari cha Ford GT40 ya mashindano ya Le Mans, Ufaransa, ya 1966 halafu ikosee hata duara la namba mlangoni: wateja wa Ulaya wataandika barua mpaka kesho, na makosa yatarekebishwa. Kwetu ndiko neno "nani atajua" linakotumika.

Na si mara ya kwanza. Mwaka jana nilinunua kigari cha mfano cha matatu ya Nissan, sanduku limeandikwa 1988, na ubavuni ina mstari wa njano mbavu hadi mbavu. Ule mstari ni wa sheria za matatu za aliyekuwa waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoanza kubana Februari 2004! Nilinyamaza, nikasema labda bahati mbaya. Sasa nimeona ni tabia.

Msinijibu kwamba ni vitu vya kuchezea. Mtoto hauziwi cha kuchezea kwa 14,500. Na mjukuu wangu, aliyezaliwa juzi, ataijua Safari ya 1957 kwa kigari hiki, maana babu yake mkubwa hayupo tena wa kumsahihisha.

Ninachodai ni pesa yangu, au waondoe yale maneno kwenye sanduku. Waandike "Volkswagen" tu, wauze kwa bei ya Volkswagen tu, nami sitakuwa na la kusema.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa narudi dukani na ile picha ya 1961 mkononi. Mwenye picha ya gari lolote la Safari za miaka ya 50 inayoonyesha kioo cha nyuma au kibao cha namba, naomba aiweke hapa usiku huu, niichapishe niende nayo.