Gari oto kuukuu kupiga teke ikibadili gia: tupeane uzoefu

Kijana wa Mbagala: Wakuu, heshima kwenu. Leo kwenye foleni ya Ubungo kulikuwa na IST kuukuu mbele yangu, kila ikiondoka inaruka kama imegongwa kwa nyuma. Nimekumbuka ya kwangu. Noah yangu nikitoa N kuingiza D inapiga teke hadi kioo cha ndani kinacheza. Nyie yaliwakuta vipi?

Mama Pacha: Umenitonesha kidonda. IST yangu ya 2003 ilianza hivyohivyo, teke dogo kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Nikaipeleka gereji, wakamwaga oili ya gia boksi wakaweka nyingine, wakadai zote nyekundu, hazina tofauti. Na kijiti cha kupimia kimeandikwa aina ya oili, T-IV, wazi kabisa! Baadaye nampeleka mama kliniki, barabara ya Mandela, tumeshapita Buguruni. Inataka kushika ya tatu, ikapiga kishindo nikadhani tairi limepasuka. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, gari haiendi! Malori ya bandarini yanapiga honi nyuma, mama ameshika dashibodi anasoma Ayatul Kursi. Dereva wa bajaji ndiye aliyeshuka akatusukuma pembeni. Fundi mwingine akachomoa kijiti, akakifuta kwenye karatasi nyeupe: oili nyeusi, inanuka kuungua, ina chengachenga zinazometa. Gia boksi imekwisha, nikanunua ya mtumba Gerezani. Ile gereji nina hasira nayo mpaka leo.

Ngwini: Kishindo hichohicho. Nakijua.

Mzee Kigamboni: Pole sana binti yangu. Mama alifika kliniki?

Mama Pacha: Alifika baba, kwa bajaji ileile. Kijana alikataa hela.

Wa Tegeta: Mungu ambariki. Mtafute umpe hata kilo ya nyama.

Ngwini: Kijiwe chake kiko wapi? Watu wa hivyo tuwape kazi.

Fundi Ilala: Turudi kwenye gari. Mleta mada, ikishtuka ukiwa umesimama, anza na maunti za injini, zile raba zinazoishikilia. Angalia na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, isiwe juu. Kwenye zile zenye waya wa kikidauni, unaotoka kwenye mfumo wa mafuta hadi gia boksi, ukikazwa sana gia inachelewa kuingia kisha inagonga.

Wa Tegeta: Mimi nasema oili ya zamani usiiguse. Ukiweka mpya, gia zinaanza kuteleza.

Fundi Ilala: Si kweli. Zinazoteleza ni klachi za ndani ya gia boksi zilizokwishalika. Mwaga iliyo kwenye sampu, bakuli la chini ya gia boksi, jaza ya aina yake. Nyingine inabaki kwenye konvata, kati ya injini na gia boksi, kwa hiyo utarudia baada ya muda. Flashi ya mashine, yaani kusukuma oili yote itoke, kwa gari iliyochoka sikushauri.

Wa Tegeta: Si hapo sasa! Hata wewe unaogopa.

Fundi Ilala: Nimefungua gia boksi nyingi. Wewe umefungua ngapi?

Mzee Kigamboni: Acheni hizo. Kwenye Toyota za zamani, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikiwakawaka yenyewe ujue kompyuta imeona hitilafu. Kapime kwa mashine kabla hujakubali gia boksi ishushwe. Oili ya gia boksi ya Toyota inapimwa injini ikiwaka na imepata moto. Honda ndiyo unazima kwanza.

Ngwini: Uza, nunua manyuo.

Binti Sinza: Na sisi wa CVT, oto za mkanda zisizo na hatua za gia?

Fundi Ilala: Yenu ni oili ya CVT tu, dada. Ukiwekewa ya oto ya kawaida, mkanda wa chuma unateleza na kulika. Simama hapohapo fundi anapomimina, soma kopo.