Mshindi wa chesi ya mtandaoni tunamshuku anatumia programu. Nimpe hela au nizuie?

Mtunza_Kapu:
Wakuu habari za humu. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Tuna kikundi cha chesi, tunakutana barazani jioni, wengi tulianzia kwenye drafti. Ramadhani hii watu walikuwa hawatoki, tukafanya mashindano kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, dakika 10 kila mmoja, kiingilio 5,000. Hela nashika mimi.

Aliyechukua ubingwa ni kijana wa Makorora ambaye barazani tunamfunga sote, hata mzee wetu anayecheza huku anapiga soga. Mtandaoni hakupoteza hata mchezo mmoja. Nimechambua aliponifunga mimi, usahihi wake, yaani jinsi hatua zake zinavyokaribia za kompyuta, ni asilimia 97. Nusu ya kikundi wanataka zawadi apewe wa pili, wengine wanasema ni wivu. Mama yake na dada yangu ni majirani, nikimwita mwizi habari itafika kabla yangu. Nifanyeje?

Kichwa_Ngumu:
Mimi nimo kwenye hicho kikundi. 97 halafu unaomba ushauri? Mnyime.

Farasi_wa_Chumbageni:
Taratibu. Mchezo mmoja wa 97 hauthibitishi kitu. Kama ulimwachia malkia mapema, kilichobaki hata mtoto angekimaliza, na usahihi unapanda wenyewe. Angalia muda. Binadamu akiliwa kete na ana ya kulipiza, analipiza hapo hapo. Pakiwa pagumu anaganda. Anayesubiri Stockfish, ile programu ya kompyuta ya chesi, imwambie, hatua zote zinachukua muda ule ule, nyepesi na ngumu. Fungua uchambuzi, kuna mchoro wa muda wa kila hatua. Na usitazame mchezo wako tu, pitia yote. Kenneth Regan, profesa wa Marekani anayechunguza mambo haya, hulinganisha hatua nyingi za mchezaji na chaguo za kompyuta, kisha anapima kama mtu wa kiwango kile angeweza kuzipatia kiasi hicho.

Mtunza_Kapu:
Nimepitia. Kuna mahali mfalme wake alipigwa cheki na alikuwa na njia moja tu ya kutoka, katumia sekunde 8. Hatua iliyofuata katoa ngome kafara, kitu ambacho mimi nisingekiona hata kwa nusu saa. Sekunde 7. Michezo mingine nayo ni hivyo hivyo.

Kichwa_Ngumu:
Si nilisema.

Bi_Raskazone:
Mwanangu, hata hivyo usimtangaze. Septemba 2022 Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, alifungwa na kijana Hans Niemann kule Saint Louis, Marekani, akajitoa mashindanoni, dunia nzima ikaelewa anamshuku udanganyifu. Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, wakatoa ripoti ya kurasa 72 wakisema huenda Niemann alidanganya kwenye michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni, lakini kwa michezo ya ana kwa ana hawakutoa ushahidi wa moja kwa moja. Niemann akafungua kesi akidai dola milioni 100, mwaka 2023 wakaishia kupatana. Wale wana wataalamu na mawakili. Wewe una kapu.

Ripoti akaunti kwa Lichess wenyewe, wana vyombo vya kuchunguza ambavyo huna. Wakimkamata wanaiwekea alama.

Kimya_Kimya:
Mimi pia barazani nafungwa na kila mtu. Kelele, kahawa, mtu anakuelekeza huku ameshika bega lako. Nyumbani peke yangu nacheza vizuri zaidi. Kufungwa barazani msikuhesabu.

Farasi_wa_Chumbageni:
Kweli, tofauti hiyo peke yake haitoshi. Ila mwite faraghani, mfungulie ule mchezo, muulize kwa nini alitoa ngome. Aliyeiona mwenyewe atakuonyesha alichokuwa anawinda, hata kama ataeleza vibaya. Na mashindano yajayo andikeni sheria kabla ya kuchanga, fainali ichezwe mezani, simu kapuni.

Bi_Raskazone:
Hata mezani simu muiangalie. Igors Rausis, mchezaji aliyekuwa na cheo kikubwa kabisa cha chesi, alinaswa na simu chooni Strasbourg mwaka 2019.

Mtunza_Kapu:
Ahsanteni. Nimeshairipoti akaunti. Zawadi inakaa mpaka jibu litoke, na nimewaambia pande zote mbili hivyo hivyo. Kijana nitamwita kwangu baada ya Ijumaa, mimi na yeye tu.

Kichwa_Ngumu:
Na 5,000 yangu katika kipindi hicho inakaa wapi?

Mtunza_Kapu:
Wewe hujalipa bado.