Manyuali ya injini ya F itumike kwa 2F?

Wakuu, nipo Dodoma, nina Land Cruiser FJ40 yenye injini ya 2F. Manyuali (kitabu cha ufundi) niliyopata ni ya F. Vipimo ni vilevile?

Jibu 1: Hapana mkuu. F ina cc 3,878, kipenyo cha silinda milimita 90. 2F ina 4,230, milimita 94. Mwendo wa pistoni tu ndio sawa, 101.6. Ukiagiza ringi za pistoni kwa kitabu hicho, pesa imeliwa.

Jibu 2: Nafasi ya valvu pima injini ikiwa ya moto: intaki (ya kuingiza) milimita 0.20, egzosti (ya kutoa moshi) 0.35. Valvu ya egzosti ikibanwa zaidi ya hapo haifungi vizuri, inaungua. Tapeti (kisukuma valvu) ikilia kidogo, iache ilie. Mpangilio wa plagi kuwaka, kwa namba za silinda: 1-5-3-6-2-4.

Jibu 3: Kwa vumbi la huku, kagua eakilina (kichujio cha hewa) kabla ya kulaumu kabureta.