Mjadala: Mzazi akifika miaka 85, nani amlee wakati mtoto naye ni mzee?

Mleta mada, Ngamiani

Wakuu, kwetu tumezoea kusema mtoto ndiye pensheni. Hesabu hiyo ilikaa sawa mzazi alipokuwa akifa na miaka sitini na kitu, mtoto ana thelathini na tano, ana nguvu na kibarua. Sasa wazee wanafika 85, na huyo mtoto ana 60. Mtaani kwetu yupo mzee aliyeanza kukata mkonge kabla ya uhuru. Anayemlea ni mwanawe wa kwanza, ana presha na goti halikunji. Asubuhi wanashikana mikono kwenda msalani, ukitazama hujui nani kamshika mwenzie.

Na huo mkonge, tusisahau. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, Tanga ikiwa kitovu, kisha kamba za nailoni zikaja bei ikaanguka. Wengi waliokata ni vibarua wa kulipwa kwa siku. Mfuko wa hifadhi ya jamii wangeuchangia kwa kipi?

Zanzibar tangu 2016 kila aliyefika 70 anapewa pensheni. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, haulizwi aliajiriwa wapi wala ana watoto wangapi. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, tuna TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya maskini, tuna matibabu bure kuanzia 60 kwa asiyejiweza (dirisha la wazee lipo kweli, ila mara ngapi unaandikiwa cheti ukanunue dawa duka la nje?). Msimamo wangu: kila mwenye 70 alipwe, Bara nzima.

Mchangiaji, Muheza

Mkuu, hapa unatuletea mambo ya Wazungu. Serikali ikianza kulipa, vijana watasema "mzee si una hela yako?" na makazi ya wazee pale Mwanzange yatajaa. Halafu hela itoke wapi? Nchi hii watoto ndio wengi, na kuna shule wanakaa chini. Mimi nikiambiwa nichague dawati au posho ya babu, nachagua dawati, na babu mwenyewe angechagua hivyohivyo.

Mleta mada

Elfu ishirini haimtoi mtu kwa mwanawe, kaka. Kwa wazee ninaowajua mimi, hela ikiingia mkononi inaishia kwenye daftari la mjukuu na sukari ya nyumba nzima. Kinachomfanya mzee aonekane mzigo ni kukaa mikono mitupu. La dawati nakubali ni zito, ila tuanze basi na wenye 80 tuone.

Mchangiaji, Pongwe

Shikamooni wakubwa. Naona mnabishana hela tu. Mamkwe wangu hainuki kitandani. Saa kumi na moja alfajiri nachemsha maji, namgeuza, nampangusa, natandika kanga kuukuu zilizokunjwa mara nne kwa sababu nepi za watu wazima hazishikiki bei. Usipomgeuza kila baada ya saa mbili mgongo unaanza vidonda. Nilikuwa nauza vitumbua stendi, nimeacha. Majirani wakija wanamsifu mume wangu: "kijana anamtunza mamake, Mungu ambariki." Mume yuko Dar, anatuma akipata.

Kaka wa Muheza, unayeogopa Mwanzange, nyumbani kwako anayemgeuza babu ni nani? Mimi siombi mamkwe apelekwe popote, na sitamtoa. Ila nawauliza nyote wawili: hiyo pensheni ikija, atapewa mzee ambaye hawezi kufika kwa wakala kuitoa, atatumiwa mtoto wake wa kiume aliyeko mjini, au kuna fungu la mtu anayeacha biashara yake kukaa kitandani pa mgonjwa? Mkishaelewana hapo, mtanikuta naunga mkono.