Eti "wasiliana na msimamizi wa mtandao". MSIMAMIZI NI MIMI!!

Wakuu, salamu sina. Nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mods, nawaomba msiupeleke huu uzi jukwaa la utani.

Ile programu ya kuchuja tovuti. Mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ile yenye kidirisha cha kijani na picha ya ngao kwenye kona, ambayo kila fundi akiitwa shuleni anakwambia "weka hii tu, ni ya kubonyeza bonyeza, hata mpishi anaiweza". Basi mpishi aje! Aje aiendeshe yeye, mimi niende jikoni nikasonge ugali wa wanafunzi mia sita. Ugali ukiungua angalau unatoa moshi ukajua. Hii inaungua huku imeandika "imefanikiwa".

Leo wajumbe wa bodi wametembelea maabara ya kompyuta. Mkuu wa shule, mama wa watu, toka asubuhi ananichangamkia: "Mwalimu, leo utawaonyesha tunavyowalinda watoto." Projekta ikawashwa. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kompyuta, akatafuta Bibi Titi Mohamed, kwa sababu watoto wako kwenye mada ya harakati za uhuru.

Ukuta mzima mwekundu. UMEZUIWA. SABABU: PONOGRAFIA. MTUMIAJI: MKUU WA SHULE. WASILIANA NA MSIMAMIZI WA MTANDAO.

Kuna mzee mmoja wa bodi, shehe wa watu, alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akasoma. Kwa sauti, wakuu! Neno kwa neno! Halafu akauliza kwa upole kabisa: "Msimamizi wa mtandao ndiyo nani?"

Nimesimama pale na waya wa projekta mkononi.

Mjumbe mwingine, nadhani alitaka kuniokoa, akasema jaribuni basi tovuti ya kubeti. Ikafunguka pwaa! Mechi za leo, odi zote, na bonasi ya kujisajili inameremeta mbele ya shehe. Hiyo tovuti nilishaizuia! Nilitia tiki, nikasevu, ikaniandikia kwa kijani "imefanikiwa". Imefanikiwa nini, kunifukuzisha kazi? Nikifungua logi, ile kumbukumbu ya matukio ya programu, nione kosa liko wapi, kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa. Nikirekebisha faili kwa mkono, siku nikigusa kidirisha kinafuta vyote nilivyoandika na kurudisha vya kwake.

Mtumiaji: mkuu wa shule. Sababu: ponografia. Bibi Titi! Aliyetengeneza kitu hiki ana mama kweli?

Kobe wa Kariakoo
Nimevuta kiti.

binti_kitambo
Kwahiyo leo daladala zimepita wapi, na Barabara ya Bibi Titi imefungwa kwa ponografia? 😂😂

Kobe wa Kariakoo
Zimekunja Morogoro Road, msimamizi anawasiliana na msimamizi.

Fundi Waya
Pole mkuu. Swali dogo tu. Baada ya kusevu ulibonyeza Aplai?

Mwalimu Kompyuta (mleta mada)
Nilijua tu atakuja mmoja na hilo swali. Unajua Aplai iko wapi? Haiko kwenye ukurasa wa kuzuia tovuti. Unatoka, unarudi ukurasa wa mwanzo, unashuka mpaka chini, kuna kitufe cha kijivu kimejificha utadhani kinadaiwa. Kama kusevu si kusevu, mbona inasema imefanikiwa?

Fundi Waya
Kusevu inaandika kwenye faili tu. Proksi, ile programu ya kati ambayo intaneti yote ya shule inapitia, bado imeshika sheria za zamani kichwani mpaka iambiwe isome upya. Kama proksi yenyewe iliyo chini ya kidirisha ni Squid, achana na kidirisha, andika amri kwenye seva. Anza na `squid -k parse` uone kama faili ina kosa, kisha `squid -k reconfigure`. Haizimi, inasoma upya tu.

Chumvi Nyingi
Hii ni chai. Siku hizi karibu kurasa zote ni https, yaani yaliyomo yanasafiri yamefungwa kwa siri. Proksi inaona jina la tovuti, haioni maneno ya ndani. Ilijuaje kama mama kaandika Bibi Titi?

Mwalimu Kompyuta
Chumvi, tulia. Cheti cha proksi, kinachoiruhusu kuzifungua hizo https, nimekiweka mwenyewe kompyuta moja baada ya nyingine, maabara nzima, Jumamosi, bila posho. Firefox ikagoma kwa kuwa ina hifadhi yake ya vyeti, nikarudia zote. Inaona kila kitu. Ndiyo maana ilimwona mkuu wa shule akiangalia PONOGRAFIA.

binti_kitambo
Mkuu, hilo neno unalipenda sasa.

Mzee wa Seva
Vijana mnahangaika na vidirisha. Sisi tulianza na DansGuardian, kichujio cha zamani kisicho na kidirisha, unaandika kwenye faili tu. Kwenye Debian, aina ya Linux, juu kabisa ya faili lake kulikuwa na mstari umeandikwa UNCONFIGURED, usipoufuta haiwaki ng'o. Ilikulazimisha ufungue faili usome. Wewe mleta mada unapigwa na hesabu ya maneno. Kila neno lina alama zake, ukurasa ukivuka kikomo unazuiwa. Mwongozo wa DansGuardian ulipendekeza 50 kwa watoto wadogo, 100 kwa wakubwa kidogo, 160 kwa vijana. Wewe umeweka ngapi?

Mwalimu Kompyuta
Imekuja na 50. Mimi sikuigusa.

Mzee wa Seva
Sekondari kwa 50! Halafu orodha ya maneno mabaya ni ya Kiingereza, ina herufi t, i, t, ambazo kwa Kiingereza cha mtaani ni ziwa la mwanamke. Ukurasa wa Bibi Titi unataja jina lake kila aya. Kama inahesabu kila linapojirudia, lazima ulipuke. Weka ihesabu neno mara moja kwa ukurasa, na hilo neno liandike lenye nafasi mbele na nyuma ili lisinase katikati ya jina la mtu. Waingereza wenyewe yaliwakuta 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe walikataliwa kujisajili intaneti kwa sababu ya jina la mji wao. Tafuta mwenyewe herufi zilizojificha humo.

Kobe wa Kariakoo
Nimetafuta. Nimeziona. Mzee wa Seva una mambo.

Fundi Waya
Na ile ya kubeti, kama inatumia squidGuard, kichujio kinachofanya kazi na Squid, angalia faili za orodha ni mali ya nani. Ukizitengeneza upya kama root, yule mtumiaji mkuu wa seva, zinakuwa za root, na proksi inaweza kushindwa kuzisoma. squidGuard ikikwama hivyo inaingia hali ya dharura na kupitisha kila kitu, mlinzi kapata homa kaacha geti wazi. Kwenye logi yake itakuwa imeandika.

Mwalimu Kompyuta
Logi ipi? Ile ya kiduara?

Fundi Waya
Ya kwenye seva, mkuu. Ingia kwa terminali, pale pa kuandika amri.

Chumvi Nyingi
Hata ukizuia, wanafunzi wana VPN. Unamzuia nani? Mkuu wa shule peke yake ndiye hana VPN 😂

mama_stoo
Afadhali nyie mnazuiwa tovuti. Sisi ofisini kuna mashine ya mahudhurio ya vidole. Mimi natwanga, napika, nafua, alama za vidole zimeisha. Kila asubuhi naandikwa mtoro. Mwezi uliopita nimekatwa mshahara nikiwa nimesimama mbele yake!

binti_kitambo
Mama stoo, yetu inamkubali bosi tu. Bosi hata hagusi, anaitazama, inaitikia.

Mwalimu Kompyuta
Jamani, turudi kwenye mada. Jumatatu naitwa na bodi. Nikaseme nini? Nimwambie shehe habari za alama 50?

mama_stoo
Mwambie. Mimi nilijitetea mbele ya HR na kidole changu juu hivi.

Dereva Mstaafu
Mama stoo, osha kidole kwa limau kabla ya kuweka. Mimi ilinisaidia.

Fundi Waya
Usioshe kwa limau, majimaji yake yanaweza kuchafua kioo cha ile mashine. Futa kidole kwa kitambaa safi. Na omba wakusajili vidole viwili, kimoja cha mkono wa kushoto.

mama_stoo
Kushoto ndiyo nashikia sufuria, na chenyewe kimeisha.

Kobe wa Kariakoo
Sajili cha mguu.

Dereva Mstaafu
Limau haiharibu kitu. Mimi natumia mwaka wa pili sasa.

Fundi Waya
Mzee, kioo cha mashine yenu kikoje? Tupia picha.

binti_kitambo
Na huyo anayejua kutengeneza printa iliyokwama katikati ya karatasi yuko wapi? Yangu imemeza barua ya likizo.