Ngozi ya stelingi imechubuka na inanata, nifanyeje?

Grande_Dom
Habari wakuu. Gari ni Toyota Mark II Grande GX110 ya 2002, stelingi ya ngozi nyeusi. Juu na upande wa kulia rangi imetoka, ngozi imekuwa ya kijivu na ina nyuzinyuzi. Kwingine inang'aa, na jua likipanda inanata. Mshono uko imara, hakuna palipochanika. Gari linashinda juani hapa Dodoma, kazini hakuna kivuli. Kuna wanaosema nipake dawa ya viatu, wengine nivalishe kava. Mimi nataka ngozi yenyewe irudi. Nianzie wapi, na ni lazima niing'oe?

FundiViti
Mkuu, dawa ya viatu achana nayo kabisa. Ile ni nta: joto likipanda inalainika na kuhamia viganjani na kwenye shati. Tena ikishaingia kwenye ngozi, rangi ya kweli haishiki hadi uitoe yote.

Huo mng'ao si wa ngozi. Ni mafuta ya mikono, jasho na vumbi vimegandamana. Ngozi ya stelingi ikiwa safi haing'ai, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako ni usafi. Tia matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu. Chovya mswaki laini, ukung'ute, sugua eneo dogo dogo kwa kuzungusha. Povu likigeuka kahawia lifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla halijakauka. Rudia mpaka povu libaki jeupe. Usimwage maji, yakizama kwenye mshono ngozi husinyaa ikikauka. Iache ikauke vizuri kivulini, kisha pitisha pamba yenye spiriti ya duka la dawa, usiloweshe. Kama dashibodi hupakwa mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, pitisha mara mbili na kubadilisha pamba, maana silikoni ndiyo hufanya rangi ijikunje na kuacha vitundu kama macho ya samaki.

Bandika tepu ya karatasi juu ya uzi. Piga msasa namba 600 kwa mkono mwepesi hadi nyuzi zilale, malizia na 1000. Penye mashimo weka filla (kijazio) ya ngozi, tabaka jembamba, likauke, msasa, tena. Filla ya bodi usiiguse: inakuwa ngumu, stelingi ikibonyezwa inapasuka.

Rangi iwe ya ngozi, ya maji. Mililita 50 zinatosha na kubaki. Chukua kidogo kwa sponji, gusagusa badala ya kuburuta. Tabaka la kwanza litaonekana madoadoa, usiongeze rangi kulificha. Matabaka manne hadi sita membamba yanashinda mawili mazito, kwa sababu zito hukauka juu ndani likiwa bichi, na ndilo linalobanduka kama ganda. Kwa ukavu wa hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi hilo hutokea upesi, basi fanya asubuhi, mahali pasipo upepo wa vumbi. Mwisho vanishi ya ngozi isiyong'aa, matabaka mawili, iliyochanganywa na hadena yake, yaani dawa ya kuifanya igande. Hadena ya rangi ya bodi haiendani nayo.

Umeme_wa_Gari
Kuing'oa si lazima, funika dashibodi na nguzo ya stelingi kwa gazeti ufanye hapohapo. Ila ukitaka kufika vizuri nyuma ya mikono ya stelingi, fuata mpangilio huu. Nyoosha matairi ya mbele. Toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) uishe. Pembeni mwa stelingi kuna vifuniko vidogo, ndani yake bolti za kichwa cha nyota T30. Zilegeze, toa eabegi, chomoa plagi zake, ilaze uso ukiangalia juu. Usipime waya zake kwa mita.

Weka alama kwenye shafti na stelingi, legeza nati ya 19 lakini iache imeshika nyuzi chache za shafti, ndipo uvute stelingi. Bila hiyo nati stelingi hukujia usoni. Ule utepe wa nyaya ulio nyuma usiuzungushe. Ukikatika, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka. Kurudisha, nati ikazwe niutoni mita 50.

Grande_Dom
Asanteni sana wakuu. Niendeshe baada ya muda gani? Na nitajuaje kama ngozi imeshachoka mno?

FundiViti
Saa 24 usiishike kabisa. Wiki nzima ya kwanza usiifute kwa kitu chenye maji.

Kuhusu kuchoka, bonyeza palipochubuka kwa kucha. Ikirudi, inapakika. Ikimeguka unga au ukaona sponji ya ndani, hapo ni kushona upya: ngozi ya unene wa milimita 1 hadi 1.2, pateni ichukuliwe kwenye ngozi ya zamani iliyofumuliwa, ikatwe pungufu milimita chache ili ivutwe ikae. Kava ya kuvalisha usiweke, huteleza kwenye kona.

Baadaye, ukipaka kitakasa mikono subiri kikauke kabisa kabla ya kushika stelingi, maana spiriti yake hula vanishi. Na kioo cha mbele kiwekee kinga ya jua kila unapoegesha.